Makala 80 ukutani na kichwa cha mtoto

Swali: Assalaam aleikum, daktari. Mwanangu wa miaka mitatu alianguka kitandani juzi usiku. Alilia kidogo, hakuzimia wala hakutapika, na leo anakimbia uani kama kawaida. Daktari mmoja ametaka apigwe skani ya CT ya kichwa. Nilipomuuliza kama ni lazima, alinionyesha orodha ukutani: makala 80 alizochapisha kuhusu picha za watoto. Nitajuaje kama orodha ile ni ya kuaminika? – Mama wa Shella, Malindi

Jibu: Waaleikum salaam, mama. Uliuliza habari ya kichwa cha mtoto, ukajibiwa habari ya ukuta. Wazazi huniletea kisa kama hiki mara kwa mara, na mimi sijakizoea.

Makala ya kukujibu ipo. Mwaka 2009 jarida la The Lancet lilitoa utafiti ulioongozwa na Nathan Kuppermann, wa watoto 42,412 walioumia kichwa huko Amerika Kaskazini. Nia yake ilikuwa kuwatambua wale wasiohitaji CT. Mtoto wa miaka miwili na zaidi ambaye fahamu zake ni timamu, hakuzimia, hakutapika, halalamiki kichwa kumuuma sana, hana dalili za kuvunjika kitako cha fuvu, wala hakuanguka kutoka zaidi ya mita moja na nusu au kupata kishindo kingine kikubwa, uwezekano wa kuwa na jeraha zito la ubongo ni mdogo mno. Huyo hana haja ya mionzi ya CT. Wako akianza kutapika au kusinzia kupita kawaida, mrudishe hospitali saa hiyohiyo.

Tuje kwenye orodha. Hapa pwani akina Ali Mohamed Ali ni wangapi? Ukitafuta makala kwa jina tu, kazi za watu kumi huonekana za mmoja. Ndiyo maana tangu 2012 kuna ORCID, namba ya tarakimu 16 inayomtenga mtafiti na wenye jina kama lake. Mwombe yake. Tazama pia jina lake limekaa wapi kati ya waandishi: katika makala za utabibu, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyeibeba kazi, na wa mwisho ndiye aliyeisimamia. Wa katikati huenda alichangia picha mbili tu.

Lakini hayo ni madogo. Kinachoniuma ni hii imani ya kuhesabu makala kama nazi sokoni. Mwaka 1946 John Caffey, daktari wa picha za watoto huko New York, aliandika juu ya watoto wachanga sita waliovuja damu kandokando ya ubongo, ambao mifupa yao mirefu ilikuwa imevunjika mahali 23, na hakuna historia iliyoeleza sababu. Watoto sita tu! Makala hiyo ndiyo iliyofungua njia ya madaktari kumtambua mtoto anayepigwa nyumbani kwa kutazama eksirei. Na wapo wanaomchukua mgonjwa mmoja, wakamkatakata kuwa makala nne, kisha wakajiita mabingwa.

Wabaya zaidi ni wauzaji. Barua pepe yangu haikosi mialiko: lete makala, lipa, itatoka baada ya siku tatu. Kulipa peke yake si kosa, kwa kuwa majarida mengi ya heshima yanayosomwa bure hutoza ada. Kosa ni kulipa na asiwepo mhakiki hata mmoja aliyeisoma kazi. Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, aliyaita majarida hayo ya wawindaji mwaka 2010, na bado yanawinda. Nawaambia madaktari vijana waziwazi: ukinunua makala humo ili upandishwe cheo, kesho mwenzako atasoma vipimo vyako vya kubuni na kuviamini, na atakayelala chini ya mashine ni mtoto wa mtu.

Nanyi wazazi, makala si leseni. Usajili wa daktari, pamoja na ubingwa wake, huangaliwa kwenye daftari la Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Anzeni huko kabla ya kusoma ukuta.

Wewe mama, rudi umuulize: kati ya hizo 80, ni ipi inayosema mtoto aliyeanguka kitandani na sasa anacheza apigwe CT? Akupe jina la jarida na mwaka, uniletee, tuisome pamoja.