Kabla Hujatuma Pesa ya Mashua ya Pili

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Birmingham aliniandikia: "Salaam dada. Kuna mashua ya faiba inauzwa Mtwapa, futi 34, bei nusu ya huku. Ndogo ninayo tayari, iko Wales. Hii nataka iwe ya familia, tukienda nyumbani tunaingia baharini na watoto. Nitume pesa?" Akaniwekea na picha. Sitaha inang'aa, jua linatua nyuma ya mlingoti, mpaka jagi la juisi ya ukwaju lipo mezani. Picha ya ngama, kule chini kabisa ndani ya chombo maji yanakokusanyika, hakuna hata moja.

Usitume, kaka. Angalau usitume leo.

Swali hili naulizwa sana tangu nilipoonyesha picha zetu za Desemba, na najua kinachowavuta watu. Mtu ameshaonja tanga Ulaya, amejua utamu wake, halafu anakumbuka kwamba kwao kuna bahari isiyohitaji makoti. Sisi tulianzia hapo hapo. Mashua yetu ya kwanza iko Southampton, tunakoishi na ninakofanya kazi ya uuguzi. Ni ya futi 26, kuukuu kidogo, na ndiyo iliyowafunza watoto wangu kushika usukani huku meno yakigongana kwa baridi. Maji ya kule yana vituko vyake: yanajaa, yanasita, yanajaa tena. Lakini kuanzia Oktoba mpaka Machi chombo kinakaa nchi kavu chini ya turubai, na mimi nakaa dirishani kuhesabu mvua. Nikawa nawaza: sehemu kubwa ya miezi hii ndiyo kaskazi kwetu, upepo wa kutoka kaskazini. Majahazi ya Arabuni yalikuwa yakiingia Mombasa na upepo huu na kurudi na kusi, ule wa kutoka kusini, na babu yangu alikuwa mmoja wa mabaharia wao. Mimi nikae dirishani kwa nini?

Basi tukanunua ya pili, Kilifi, kaskazini mwa Mombasa, futi 33, kwa mzungu aliyeileta kutoka Madagaska na ambaye mkewe alikuwa amekwisha kinai bahari. Jinsi tulivyokusanya pesa na jinsi nilivyobishana na mume wangu nitaruka, maana yalikwisha salama. Neno moja tu kuhusu karatasi: chombo cha mpita njia mara nyingi huwa kimeingia nchini kwa ruhusa ya muda. Akikuuzia kabla ushuru haujalipwa, deni limehamia kwako. Sisi tulishuhudia risiti kwa macho yetu ndipo kalamu ikagusa hati ya mauzo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Watu wote huniuliza chombo: kina futi ngapi, mashine gani, matanga mangapi. Hakuna anayeniuliza miezi, wala hakuna anayeniuliza nani atakaa nacho. Na mashua ya pili ya ng'ambo ni hayo mawili, msimu na mtu. Faiba inafuata nyuma.

Tuanze na msimu. Watoto wanaosoma Uingereza wana likizo moja ndefu, mwisho wa Julai mpaka mwisho wa Agosti. Nyumbani hiyo ni kusi yenyewe. Utasikia kwenye utabiri maneno yale yale kila siku: upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2. Nje ya mwamba bahari imechafuka, na mkondo unapanda kaskazini kwa nguvu. Ukitoka Kilifi kwenda kusini utabisha, yaani utakwenda mshazari dhidi ya upepo, mchana kutwa na jioni bado unaona minara ile ile. Mtoto wa miaka tisa ukimtembeza hivyo siku mbili, umempoteza kwa bahari maisha yake yote. Likizo ya Pasaka nayo inaangukia masika. Inabaki Krismasi, wiki mbili na kidogo, kaskazi ikiwa imeshatulia, anga safi, maji unaona mpaka chini. Kwa familia, huo ndio mwaka mzima wa mashua yako.

Utasema utawatoa shule mapema. Tangu Agosti 2024 faini ya England ya kumtoa mtoto bila ruhusa ni pauni 80, na inahesabiwa kwa kila mzazi na kila mtoto. Wazazi wawili, watoto wawili, ni pauni 320 kabla hujapanda ndege, na ukirudia ndani ya miaka mitatu inaruka kuwa pauni 160 kila mmoja. Na tiketi zenyewe! Hapa ndipo hesabu za watu zinapolala. Wanalinganisha bei ya kuegesha Hamble, jirani na Southampton, na bei ya boya Kilifi, wanacheka, wanasahau kwamba wanasafiri wiki ile ile ambayo kila Mkenya wa Ulaya anarudi kwao. Kwetu sisi tiketi za Desemba hula kuliko boya, rangi na matengenezo vikijumlishwa pamoja.

Agosti si kwamba tunakaa bure tukienda. Hori ya Kilifi, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ni ndefu na imejikinga, unaweza kupanda na upepo mpaka kwenye mikoko, watoto wanaogelea, mnalala, mnarudi. Lakini hayo unaweza kuyafanya kwa ngalawa ya kukodi.

La pili ni mtu, na hapa nitasema kwa urefu kwa sababu bado linaniuma.

Mwanzoni mashua yetu ilitunzwa na jamaa wa karibu sana. Alikuwa na simu ya kupiga picha, na kila mwisho wa wiki nilipata picha: nanga, kamba, sitaha imeoshwa. Mimi Southampton nikalala usingizi. Siku moja mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa anapanga likizo yake Kenya akanionyesha picha mtandaoni, watalii wamejipanga sitahani na bilauri mkononi. Nyuma yao kuna tanga la mbele lenye kiraka cha buluu kwenye pembe ya chini. Kile kiraka nilikishona mwenyewe, sindano ikanichoma kidole. Nilipompigia simu yule jamaa hakutahayari. Alisema chombo kilikuwa kimekaa bure tu. Undugu ni kufaana, tumefunzwa hivyo, naye alikuwa amefaika vilivyo. Kwenye Idi tunapeana mikono. Zaidi ya hapo sina la kumwambia.

Kwa hiyo ninyi mlio nje, nisikilizeni vizuri. Mmejenga nyumba nyumbani, mnajua habari ya saruji iliyopotea. Mashua ni mbaya zaidi, kwa sababu nyumba ikiachwa inachafuka, chombo kikiachwa kinazama. Usimpe jamaa kwa sababu ni jamaa. Usimpe mtu bila mshahara ukategemea shukrani. Asiyelipwa na wewe atajilipa mwenyewe, na kwa kweli huwezi kumlaumu sana. Sisi sasa tuna karatasi iliyoandikwa, imetiwa saini, mshahara unaingia kila mwezi, kaskazi na kusi, tukiwepo tusiwepo.

Aliyetia saini karatasi hiyo ni mzee mmoja wa Takaungu, baharia wa mashua za mbao tangu utotoni, ambaye sisi sote tunamwita Ami. Faiba aliidharau wazi wazi. Yeye alizoea chombo cha kukalafatiwa kwa pamba na kupakwa shahamu, kinachopandishwa mchangani maji makubwa ya bamvua yakijaa na kukwanguliwa maji yakipwa. Alipoiona yetu akaigonga kwa kidole akasema, "Sahani hii." Lakini kila mwezi anaiwasha mashine, anageuza kamba zisiliwe upande mmoja, anafunika matanga maana jua la kwetu linakula nyuzi kabla ya upepo, na kila asubuhi anafungua mbao za chini kutazama. Tezi na omo marejeo ngamani, yaani nyuma na mbele mwisho ni ngamani: kwake hiyo si methali, ni ratiba ya kazi.

Desemba hii tulipofika mashine iliwaka vizuri, ikaunguruma kidogo, ikazima. Nikabadilisha chujio la dizeli. Nikatoa hewa kwenye mipira. Ikawaka, ikazima. Nina cheti mimi, nimekaa darasani, nikatoa kitabu. Ami alikuwa amekaa tezini, kimya, ananitazama. Kisha akainuka, akakata kipande cha waya, akainama ubavuni mwa chombo palipo na kitundu cha kupumulia tangi la mafuta, kitundu ambacho kidole cha mtoto hakiingii. Akachokoa. Ukatoka udongo mkavu, mwekundu, na ndani yake buibui wadogo waliokunjamana. Nyigu walikuwa wamejenga humo wiki ile ile na kuwawekea watoto wao chakula, tangi likakosa pumzi, dizeli ikakataa kushuka. "Hicho kitabu chako hakina nyigu, mwanangu?" Mashine ikawaka na haikuzima tena mpaka Mtwapa. Kitundu sasa kimevalishwa kipande cha chandarua cha mbu.

Huyo ndiye mtu ninayemwambia kaka wa Birmingham amtafute kabla ya mashua. Mtu kwanza. Nitalirudia mpaka mchoke.

Safari yenyewe ilikuwa Kilifi kushuka mpaka kisiwa cha Wasini, kusini mwa Mombasa, kwa vituo. Upepo nyuma, mkondo mbele, kwa hiyo mwendo ulikuwa wa pole kuliko tanga lilivyokuwa limejaa. Milango ya mwamba tuliingia jua likiwa juu tu, maana bamvua la kwetu linapanda na kushuka zaidi ya mita 3 na rangi ya maji ndiyo ramani yako ya mwisho. Nahodha ni mimi. Gatini wananipita na kwenda kumshika mkono mume wangu, "Karibu nahodha," naye anajibu, "Nahodha ndiye huyo uliyempita." Mume wangu wimbi likiinuka kidogo analala chali, kazi yake huanza nanga ikishashuka, na biriani aliyoipika kwenye jiko la gesi pale Funzi ilivuta mpaka wavuvi. Southampton pia wananipita, ila kwa Kiingereza cha adabu.

Pale Funzi akaja mvuvi na kihori, ana pweza na kamba wachache. Mwanangu wa kiume, ambaye nyumbani Uingereza nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, akaegemea ubavuni akasema, "Baba, tupunguzie kidogo, sisi si watalii." Mvuvi akamwangalia viatu, akacheka, akauliza, "Kama si mtalii, ni nani?" Mtoto akataja jina la babu yangu, na mtaa. Alipunguziwa. Mniite mwenye majivuno, sijali. Kuna watu wanalipa walimu wa Kiswahili kila Jumamosi na mtoto hajawahi kusema sentensi kama ile.

Kurudi ndipo utajua kama una mtu au huna. Kaskazi inakuja usoni, mkondo unakusaidia kidogo, lakini kubisha na watoto huku tarehe ya ndege inakaribia ni kutafuta ajali. Msomaji, chombo na tiketi ya ndege havipatani. Mashua tuliiacha Mtwapa, sisi tukapanda ndege, na Ami na mpwa wake wakaipeleka Kilifi siku upepo ulipolegea. Nisingekuwa naye ningelazimisha, na wanaolazimisha ndio tunaosikia habari zao.

Bima haikunisumbua kama nilivyoogopa. Mashirika ya meli yaliiondoa Bahari ya Hindi kwenye eneo la hatari kubwa la uharamia tarehe 1 Januari 2023. Wenye bima siku hizi wanauliza zaidi umri wa nyaya za mlingoti na nani yuko na chombo ukiwa mbali. Nilipomtaja Ami na kuwatumia mkataba wake, maswali yalipungua. Waliuliza pia vimbunga. Pwani ya Kenya haimo kwenye njia yao ya kawaida, lakini kimbunga Hidaya kilifika Mafia, Tanzania, Mei 2024, kwa hiyo wakati wa masika mashua yetu haikai kwenye boya, inapandishwa nchi kavu.

Basi kaka, kabla ya pesa, mpigie muuzaji umuulize jina la anayeiangalia mashua hiyo kila siku, na kama atabaki. Kisha zungumza na huyo, si na muuzaji. Na niambie watoto wako wana miaka mingapi, hukunitajia. Binti yangu mkubwa ana 15. Desemba ijayo ana mitihani ya majaribio, ameshaniambia haendi popote. Wa kwako wakiwa wamefika hapo, achana na kununua. Kodini mashua ya mtu Kilifi au Shimoni pamoja na nahodha wake, Krismasi hii hii, na pesa ya ile ya Mtwapa ilipie tiketi.