Mama Fundi, Chaki Kwanza

Swali la wiki iliyopita lilituuliza wasomaji kama mtu anayeishi na ADHD, hali inayomfanya ashindwe kutuliza umakini wake na kuzuia haraka zake, anaweza kubadili tabia kwa kujisemesha maneno mema. Jibu langu ni ndiyo, lakini ni ndiyo yenye masharti, kwa sababu katika miaka 41 ya maisha yangu maneno yaliyoniharibia kazi kuliko hata matusi ni yale matamu niliyojiambia mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, na kibanda changu kipo karibu na soko la Chikongola. Mafundi tuna sifa mbaya inayotutangulia kila mahali, nayo ni uongo wa "njoo kesho jioni, utaikuta tayari". Kwa baadhi ya wenzangu hiyo ni mbinu ya kumshika mteja asiende kwingine, lakini mimi nilipokuwa nikiyasema maneno hayo niliyaamini kwa moyo wote. Minada ya korosho ikishaanza mwezi Oktoba na fedha zikaingia mikononi mwa watu, vitenge huletwa kwa mafungu, na ifikapo Desemba, shule zinapofungwa na wali wa unyago wanapotolewa, kila mama anataka gauni lake siku ileile ambayo mwenzake naye analitaka la kwake. Nilikuwa nikipokea vyote, nikijiambia: "Nitamaliza tu, mbona siku zote namaliza."

Desemba mojawapo alinijia mama mmoja kutoka Mikindani na kitenge cha kumvalia mwanawe siku ya kutoka unyagoni. Nilimpima, na kwa kuwa kalamu ilikuwa upande wa pili wa meza, nilijiambia kwamba nitakumbuka. Kesho yake nilikata kwa haraka, mkono mmoja mmoja, nikijiambia tena kwamba nitakumbuka, bila kuweka alama wala kugeuza karatasi ya kukatia, na nilipotaka kupachika nikajikuta nimeshika mikono miwili ya kushoto. Kitambaa kilichobaki hakikutosha hata kola, na dukani alikokinunua hakikuwepo tena. Nilijitukana mpaka usiku kwa matusi ambayo nisingethubutu kumtamkia mtu mwingine. Bibi aliyenilea kule Newala aliniita pakacha, kwa kuwa kila nilichotumwa kilivuja njiani, na usiku ule nilijiita hivyo kwa sauti yake hasa.

Jina la hali yangu nililijua baadaye, tulipompeleka mwanangu kwa daktari na daktari akaanza kuniuliza maswali mimi. ADHD hurithiwa sana katika familia, na dalili zake, kwa mujibu wa vigezo vilivyochapishwa Marekani mwaka 2013, ni lazima ziwe zilijitokeza kabla ya umri wa miaka 12. Zangu zilikuwepo, ila hazikuonekana. Mtoto wa kike mara nyingi hapandi juu ya madawati. Hukaa kimya akitazama dirishani, na mwalimu humwandikia "ajitahidi zaidi".

Tangu hapo nimesoma mengi kuhusu hali hii, mengine katika usiku ambao sare sita za shule zilikuwa zikinisubiri, na lililonishtua zaidi ni andiko la mwaka 2015 la Wamarekani wawili, Laura Knouse na John Mitchell. Walieleza kwamba watu wazima wenye ADHD huwa na mawazo ya matumaini yasiyo na tahadhari, kama vile "nitafanya hiki kidogo kwanza, kile kikubwa baadaye", na kwamba mawazo hayo humsaidia mtu kuikwepa kazi bila kuhisi kuwa anaikwepa. Basi "nitakumbuka" yangu ilikuwa neno jema kabisa, tena la kujiamini, na ndilo lililokata mikono miwili ya kushoto.

Wala sifa tupu hazinisaidii. Niliwahi kubandika karatasi kwenye kioo imeandikwa "Mimi ni fundi makini", na kila nilipoisoma, sauti ya ndani ilinijibu kwa orodha ya wateja niliowaudhi. Nilikuja kusoma kwamba Joanne Wood na wenzake huko Kanada walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaojidharau, wakirudia sentensi ya kujisifu wasiyoiamini, wanaweza kujisikia vibaya kuliko walivyoanza. Karatasi niliibandua.

Maneno yanayonifaa ni mafupi, yana kitendo ndani yake, na husemwa pale pale mkono unapofanya kazi. Wazo hilo ni la zamani: mwaka 1971 Donald Meichenbaum na Joseph Goodman waliwafundisha watoto wenye pupa kujiongoza kwa maneno, mtoto akianza kwa kumsikiliza mtu mzima anayefanya kazi huku akijiambia hatua, kisha akizisema mwenyewe kwa sauti, kisha kwa kunong'ona, na mwishowe kimoyomoyo. Kwa watoto wenye ADHD mafunzo ya namna hiyo peke yake yalikuja kukatisha tamaa, kwa kuwa waliyojifunza katika chumba cha mafunzo hayakuwafuata vizuri darasani. Sishangai. Nikiwa kitandani alfajiri mimi ni fundi hodari kuliko wote Mtwara. Maneno ninayoyahitaji ni ya saa nne asubuhi, mkasi ukiwa mkononi na wateja watatu wakiniongelesha.

Kwa hiyo nikishika mkasi husema kwa sauti: "Mama fundi, chaki kwanza." Hapo huweka alama kwenye kila kipande, KL kwa kulia na KS kwa kushoto, kabla ya kukikata. Najiita mama fundi kwa makusudi, maana ndivyo soko zima linavyoniita, na mtu akijiita hivyo hujisikia kama anayesemeshwa na mwingine anayemheshimu. Utafiti wa Ethan Kross na wenzake wa mwaka 2014 uliwakuta watu waliojisemesha kwa jina lao wakikabili jambo la kutia hofu, kama kuhutubia, kwa utulivu zaidi kuliko waliojisemesha kwa "mimi". Kwa ile ahadi ya kesho jioni nina sentensi nyingine: "Mteja akiuliza lini, daftari lifunguke kabla ya mdomo." Muundo huo wa "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi" umechunguzwa kwa miaka mingi na Peter Gollwitzer, na yeye pamoja na Caterina Gawrilow waliona mwaka 2008 kwamba uliwasaidia watoto wenye ADHD kujizuia. Daftari likifunguka, mimi na mteja tunaziona kazi 14 zilizo mbele yake, na hapo hata nikitaka kuahidi kesho nakosa pa kuiandika.

Majirani walidhani nimechanganyikiwa. Fundi wa kibanda cha pili alichungulia akaniuliza ninasema na nani, na kwa wiki nzima nikanong'ona kwa aibu, nikaona kwamba nikinong'ona nasahau. Nikarudi kwenye sauti.

Maneno nayo huchakaa, kwani baada ya majuma kadhaa sikio langu huyasikia kama linavyosikia feni. Ndipo nilipoifunga chaki kwenye mpini wa mkasi kwa kipande cha lastiki, ili mkasi usiinuke bila chaki kuning'inia. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa London waliona kwamba tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, kwa wengine 18 na kwa wengine 254, na kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hilo la siku moja ndilo nililolihitaji, kwa sababu zamani nikikosa mara moja nilijiita bure kabisa na kuacha yote. Siku hizi nikikosa husema, "Leo imepita, kipande kinachofuata," nami nakiri kwamba nalisema mara nyingi.

Nisieleweke kwamba nimeacha matibabu. Dawa hugusa kemikali za ubongo, dopamini ikiwemo, mahali ambapo sentensi yangu haifiki, na mtu anayejishuku aanze kwa daktari kabla ya kuanza kwa chaki.

Wiki iliyopita niliinua mkasi huku nikimjibu mteja kuhusu bei ya bitana, na sikusema lolote. Binti ninayemfundisha kazi, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, akasema, "Mama fundi," wala hakumalizia. Nikaushusha mkasi, nikaandika KL kwenye mkono wa kwanza, nikageuza karatasi, nikaandika KS kwenye wa pili.