Kabla ya nusu kaputi, uliza jina la gesi

Mwaka juzi nilipasuliwa mara mbili ndani ya wiki tatu, kwanza uvimbe wa kizazi halafu kukatunga usaha ndani ikabidi wanirudishe thieta, na zote mbili nililazwa nusu kaputi. Mara ya kwanza kahoma kidogo tu, tukasema ni kidonda. Mara ya pili, siku ya sita natapika, mwili unawasha, mkojo kama chai ya rangi iliyolala kwenye birika. Mama mkwe akasema malaria hiyo, tukapima hamna. Siku mbili mbele nimekaa zangu mlangoni naota jua, mwanangu ananikodolea, mama mbona macho yako ya njano?

Na mi nilikuwa nabugia panadol na muarobaini juu yake, yaani ini linaungua naliongezea kuni. Usifanye hivyo jamani. Ukiona macho ya njano baada ya oparesheni, hata kama wiki mbili zimepita, acha vya kujinunulia kimbia ukapime ini.

Wakapima homa ya ini A, B, C, zote hamna. Daktari mmoja mzee ndo akauliza, walikulaza na gesi gani? Kimya. Cheti kimeandikwa nusu kaputi basi. Akapiga simu kule nilikopasuliwa, kumbe halotheni, mara zote mbili. Akanieleza gesi hiyo ini linaivunja kama asilimia 20 (isofureni, gesi nyingine ya usingizi, haifiki hata 1), mabaki yake yananata kwenye protini za ini, kinga ya mwili ikiyaona inadhani adui kaingia, sasa ukipewa tena baada ya muda mfupi ndo inashambulia kwa nguvu. Ni nadra lakini, utafiti mkubwa wa Marekani miaka ya 60 ulikuta kifo kama kimoja kwa watu 35,000, kwa hiyo usije ukakimbia oparesheni yako kisa mimi.

Nilikaa kama miezi miwili ndo macho yakarudi. Siku hizi nina kikaratasi kwenye pochi, nimekipiga lamineshen kabisa: HALOTHENI USINIPE, na tarehe zote mbili. Mwaka huu nimeenda kutolewa henia, nesi ananiambia mama hayo tuachie sisi, nikamwambia sawa mwanangu ila mpelekee mtu wa usingizi hiki. Huyo dada wa usingizi akakisoma mara mbili, akanichoma sindano ya ganzi ya mgongo badala ya nusu kaputi.