Maswali ya Wasomaji: Nani Alistahili Nafasi ya Mwisho?

Tangu timu 12 za mtoano wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu zitangazwe Jumapili ya Desemba 7, 2025, maswali hayajakoma. Tumechagua manne yanayorudiwa zaidi.

Miami na Notre Dame zote zilimaliza na ushindi 10 na vipigo 2. Novemba yote Notre Dame ilikuwa juu ya Miami, na wikiendi ya mwisho hakuna hata moja iliyocheza. Iweje Miami ndiyo iingie? Huo si uonevu?

Matokeo ni halali, lakini wasomaji mna haki ya kukasirishwa na njia iliyotumika kuyafikia.

Agosti 31, mwanzoni kabisa mwa msimu, Miami iliifunga Notre Dame 27-24. Mchezo wa ana kwa ana ni mojawapo ya vigezo ambavyo kamati ya uteuzi, inayopanga orodha ya timu 25 bora na kuteua za mtoano, hutakiwa kuvitumia timu mbili zinapokaribiana. Neno la kuangalia hapo ni “zinapokaribiana”. Katika orodha ya Desemba 2, Notre Dame ilikuwa ya 10, BYU (chuo cha Brigham Young) ya 11 na Miami ya 12. BYU ilikuwa imekaa katikati kama ukuta. Jumamosi ikachapwa 34-7 na Texas Tech katika fainali ya konferensi (kundi la vyuo vinavyoshindania ubingwa wao) ya Big 12, ikashuka, na ghafla Miami na Notre Dame zikawa bega kwa bega. Mwenyekiti wa kamati, Hunter Yurachek, alieleza kwamba hapo ndipo mchezo wa Agosti ulipopewa uzito.

Ili kuona kwa nini ukuta huo ulikuwa na nguvu hivyo, tazama kura inavyopigwa. Kila mjumbe kwanza huandika timu 30 bila kuzipanga. Timu iliyotajwa na wajumbe watatu au zaidi hubaki mezani. Kisha kila mmoja huchagua sita anazoona bora, na sita zilizopata kura nyingi huingia kwenye kundi la kwanza. Kundi hilo ndilo linalopangwa kwa namba, 1 hadi 6, na timu yenye jumla ndogo ya namba ndiyo iliyo juu. Tatu za juu hupewa nafasi zao, tatu zinazobaki husubiri, zinaongezwa tatu nyingine, na zoezi linaanza upya mpaka nafasi 25 zijae. Mjumbe mwenye uhusiano na chuo fulani hutoka chumbani chuo hicho kinapojadiliwa, wala hakipigii kura.

Hesabu yenyewe ina tabia yake. Chukua wajumbe 13. Timu A imewekwa ya kwanza na wajumbe saba na ya sita na wajumbe sita: jumla ni 7 na 36, yaani 43. Timu B imewekwa ya tatu na wote: 39. Timu B iko juu, ingawa hakuna hata mjumbe mmoja aliyeiona kuwa bora kuliko zote, na ingawa wengi wa wajumbe waliipa A namba moja. Mfumo huu huipendelea timu isiyo na maadui kuliko timu yenye mashabiki wa kufa na kupona.

Kwa upande wa hoja, Notre Dame haikuwa mikono mitupu. Vipigo vyake viwili, cha Miami na kile cha 41-40 kutoka Texas A&M, vilikuwa kwa tofauti ya pointi 4 kwa jumla. Miami ilipoteza kwa Louisville 24-21 na kwa SMU 26-20 katika muda wa nyongeza, na hizo ni timu dhaifu kuliko Texas A&M. Lakini timu mbili zikiwa na rekodi ileile na moja imeifunga nyingine uwanjani, sisi hatuoni hoja ya tatu inayoweza kupindua hilo. Kosa la kamati ni kuutia mchezo huo kabatini mwezi mzima huku ikitangaza orodha kila Jumanne. Kama ungepimwa mapema Novemba, Notre Dame isingejengewa matumaini ambayo yalivunjwa bila yenyewe kugusa mpira.

(Miami baadaye ilifika fainali ya taifa, ikafungwa na Indiana 27-21. Tafadhali msitumie hilo kama ushahidi. Uteuzi hupimwa kwa yaliyojulikana siku ya uteuzi.)

Duke ilikuwa bingwa wa konferensi ya ACC lakini ikaachwa, huku James Madison kutoka konferensi ndogo ikaingia. Kanuni ilisemaje?

Kanuni ya msimu wa 2025 haikusema popote kwamba bingwa wa ACC ana nafasi. Ilisema mabingwa watano wa konferensi waliopangwa juu zaidi na kamati wangeingia moja kwa moja. Nafasi saba zilizobaki zilikuwa za yeyote. Duke ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Virginia 27-20 katika muda wa nyongeza, lakini ilikuwa na vipigo vitano na haikuwemo hata kwenye 25 bora. Tulane ilikuwa ya 20 na James Madison ya 24, zikachukua nafasi ya nne na ya tano za mabingwa. Hapa hakuna cha kujadili.

Mnatetea matokeo ya uwanjani. Mbona Florida State ya 2023 iliachwa na rekodi ya 13-0? “Bora” na “anayestahili” ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na mabishano mengi hayaishi kwa sababu mmoja anajibu swali la kwanza na mwenzake anajibu la pili. “Bora” ni timu ambayo ingeshinda wakicheza kesho. “Anayestahili” ni timu iliyokusanya mengi zaidi mpaka leo. Kamati imeagizwa kutafuta bora, kisha ikapewa vigezo ambavyo karibu vyote hupima kustahili: ugumu wa ratiba, ubingwa wa konferensi, michezo ya ana kwa ana, matokeo dhidi ya wapinzani wa pamoja. Kimoja tu ndicho kinachotazama mbele, nacho ni kukosekana kwa mchezaji muhimu.

Kigezo hicho ndicho kilichoizamisha Florida State. Kwotabeki wake (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira), Jordan Travis, aliumia mguu Novemba 18 dhidi ya North Alabama. Timu ikashinda michezo miwili iliyofuata bila yeye, ya mwisho ikiwa fainali ya ACC dhidi ya Louisville, 16-6, ikiongozwa na kwotabeki wa tatu, Brock Glenn. Wakati huo nafasi zilikuwa nne tu. Zikaenda kwa Michigan, Washington, Texas na Alabama.

Linganisha na 2014. Ohio State ilimkosa Braxton Miller kabla ya msimu kuanza, kisha J.T. Barrett akavunjika kifundo cha mguu dhidi ya Michigan. Nao walifika fainali ya konferensi na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones, wakaichapa Wisconsin 59-0. Kamati ikawapa nafasi ya nne, na TCU, iliyokuwa ya tatu wiki iliyotangulia na iliyotoka kushinda 55-3, ikaangukia nafasi ya sita. Ohio State ikatwaa ubingwa wa taifa. Jeraha lilikuwa la aina moja. Tofauti ni kwamba Jones aliwapa wajumbe alama 59 za kutazama na Glenn aliwapa 16.

Hata hivyo tunashikilia kwamba Florida State ilidhulumiwa. Ulinzi wake uliizuia Louisville isipate hata tachidauni moja (kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani), na huo nao ni ubora, hata kama hauvutii macho. Kigezo cha majeruhi kingefaa kutenganisha timu mbili zinazolingana, si kufuta msimu usio na doa. Na anayekutajia kipigo cha 63-3 mbele ya Georgia kwenye Orange Bowl, mchezo wa mwisho wa msimu ule, mkumbushe kwamba wachezaji wengi wa Florida State hawakucheza siku ile.

Kwa hiyo kabla ya kubishana, ulizaneni kwanza: tunatafuta yupi? Kisha mshikilie jibu hilo kwa timu zote. Kosa tunaloliona sana ni mtu kutumia “bora” kwa timu yake na “anayestahili” dhidi ya timu ya jirani.

Nawezaje kupima ugumu wa ratiba mwenyewe, kwa kalamu na karatasi?

Andika michezo yote kwa mstari mmoja mmoja. Futa ile ya dhidi ya vyuo vya daraja la chini. Ushindi wake hauongezi kitu. Mbele ya kila mpinzani andika rekodi yake ya mwisho wa msimu, kisha uondoe matokeo ya mchezo aliocheza na timu unayoipima. Usipoondoa, unaiadhibu timu kwa kushinda, kwa kuwa kila mpinzani iliyemfunga ana kipigo kimoja zaidi kwa sababu yake. Weka alama kwenye michezo ya ugenini. Sasa hesabu vitu viwili tu: imeshinda mara ngapi dhidi ya waliobaki na ushindi mwingi kuliko vipigo, na kipigo chake kibaya kuliko vyote ni kwa nani.

Panapoharibika ni kwenye namba ya mpinzani. Watu huandika nafasi aliyokuwa nayo siku ya mchezo. Septemba 2025 Virginia iliifunga Florida State 46-38 wakati Florida State ikiwa ndani ya 10 bora, na kila mtu akauita ushindi mkubwa. Florida State ikamaliza na ushindi 5 na vipigo 7. Mojawapo ya hizo 5 ilikuwa dhidi ya Alabama, 31-17, na hilo ndilo doa baya zaidi kwenye karatasi ya Alabama ya msimu ule. Iweke karatasi hiyo kando ya ile ya BYU, ambayo vipigo vyake vyote viwili vilitoka kwa timu moja, Texas Tech, bingwa wa Big 12. Alabama ilifungwa 28-7 kwenye fainali yake ya konferensi ikabaki ya 9. BYU ilifungwa 34-7 kwenye yake ikashuka hadi ya 12. Watetezi wa Alabama watakutajia ushindi wa 24-21 nyumbani kwa Georgia, na ni ushindi wa kweli, BYU haikuwa na wa kulingana nao. Lakini hiyo ni sababu ya Alabama kuwa juu ya BYU tangu mwanzo. Haielezi kwa nini kipigo cha fainali kilimgharimu mmoja na kumwacha mwingine palepale.