Wazazi Wanataka Antigone Asife, Tufanyeje?

Wiki hii nimepokea barua tatu na zote zinatoka shule moja ya sekondari kule Morogoro, mwalimu, mama wa mwanafunzi na mwanafunzi mwenyewe. Nimewapigia simu mmoja mmoja, wamekubali zitoke pamoja bila majina. Basi nianze na ya mwalimu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha fasihi, mwaka huu kidato cha tatu wanaigiza Antigone ya Sophocles kwa Kiswahili, tumetafsiri wenyewe kutoka Kiingereza na mazoezi yameshafika wiki ya saba. Mkuu wa shule alivyowapa kamati ya wazazi skripti wakasema igizo ni zuri ila mwisho ubadilishwe, Antigone asife, mfalme amsamehe aolewe na Haemon, kwa sababu mahafali watu wanakuja kufurahi sio kulia. Mzee mmoja akaongeza kwamba binti anayemjibu mfalme vile anawafundisha watoto utovu wa adabu. Nikibadilisha nitakuwa nimekosea?

JIBU: Marahaba mwalimu mwenzangu. Usibadilishe, tafadhali sana.

Kwa ambao hawajalisoma, stori iko hivi. Kwenye mji wa Thebes, Ugiriki ya kale, ndugu wawili wamepigania kiti cha ufalme wakauana siku moja. Creon anashika ufalme, anaamuru Eteocles azikwe kwa heshima zote ila Polynices, aliyekuja na jeshi la nje, aachwe juani aliwe na mbwa na ndege, na atakayemzika atauawa. Dada yao Antigone anamwagia kaka yake udongo kwa mikono yake, anakamatwa, anafungiwa pangoni akiwa hai. Haemon mtoto wa Creon ndiye mchumba wake. Mpaka mfalme anakuja kugeuza moyo binti ameshajiua, Haemon anajiua pale pale, na mama yake Haemon akisikia habari naye anajiua. Sophocles aliliandika karibu na mwaka 441 kabla ya Kristo na bado linawauma watu.

Sasa hao wazazi wanadhani Antigone anakufa kwa sababu mwandishi alipenda huzuni. Rudi nao kwenye skripti, uwaonyeshe sehemu Tiresias, yule mtabiri kipofu, akishaondoka. Creon ameogopa, anawauliza wazee wa mji nifanyeje, wanamwambia nenda kamtoe binti pangoni halafu ukamjengee kaburi yule aliyelala nje. Binti kwanza, kaburi baadaye. Yeye anaenda kumzika maiti kwanza! Anamwosha, anachoma mabaki, anainua tuta, ndipo anakimbilia pangoni na huko anasikia sauti ya mwanae analia. Yaani alikuwa ameshakubali kosa, alikuwa njiani, angeweza kuwahi. Ukimwokoa Antigone umeifuta hiyo safari yote na mtazamaji anaondoka bila kuona kwamba mtu anaweza kujuta kwa dhati kabisa na bado akachelewa. Sisi tunasema majuto ni mjukuu, hapo anaonekana amefika na miguu yake.

Na hili neno letu lenyewe, tanzia. Darasani ni tamthilia kama hii inayoishia kwa huzuni, lakini ukifungua gazeti tanzia ni tangazo la msiba, picha ya marehemu na majina ya wafiwa. Hakuna mtu anaandika tanzia halafu chini anasema marehemu ameamka. Wazazi wetu wanajua kukaa msibani kuliko mtu yeyote, wanapika, wanalala nje kwenye mikeka siku tatu, hawa sio watu wa kuogopa machozi ya saa moja na nusu kwenye bwalo la shule.

Kama kuna anayetaka mfano wa shule, mwambie habari za Ghana. Mwaka 1962 mshairi wa Barbados, Kamau Brathwaite, alikuwa anafanya kazi huko, akaichukua stori hii hii akaiweka Afrika, binti akamwita Odale, na walioicheza kwanza ni wanafunzi wa sekondari, Mfantsiman kule Saltpond. Na yeye aligusa mwisho kweli, mfalme anampa binti msamaha. Ila binti anauliza, na kaka yangu je, atazikwa? Anajibiwa hapana, basi anaukataa msamaha. Huo ndio ubadilishaji wa mtu aliyeielewa stori.

Kuhusu adabu, mpe yule mzee asome maneno ya Haemon kwa baba yake. Anaanza kwa kusema baba, mimi ni wako. Hapandishi sauti, anamwambia mti ulio kando ya mto uliofurika ukiinama unabaki na matawi yake, unaokakamaa unang'olewa na mizizi. Baadaye baba ndiye anayepandisha hasira, na kijana anamwambia hakuna mji wa mtu mmoja. Mimi sijaona somo zuri kuliko hilo la jinsi ya kumwambia mkubwa ukweli bila kumvunjia heshima, na anayekosa adabu pale ni anayekataa kusikiliza.

Kitu kingine, na hapa ndipo nilipokaa usiku mzima na kurasa ulizonitumia. Mmemwita Creon baba mdogo. Hapana! Creon ni kaka wa Jocasta na Jocasta ndiye mama yake Antigone, kwa hiyo ni mjomba. Kiingereza kinasema neno moja tu kwa wote ndio maana limewapita, lakini Kiswahili chetu kinajua na msikilizaji atajua. Mjomba ndiye unayemkimbilia baba akiwa mkali, mjomba ana neno kwenye harusi yako, sasa huyu mjomba ndiye anatoa amri ufungiwe pangoni. Na Haemon anakuwa mtoto wa mjomba, binamu, ndoa ambayo Pwani watu wanaifahamu vizuri tu. Badilisheni neno hilo moja kila linapotokea, halafu mwache binti aseme "mjomba" mara ya kwanza mbele ya walinzi, utaona ukumbi unavyonyamaza. Pia mnaposahihisha, shikeni tafsiri ya zamani ya Kiingereza ya Richard Jebb, alifariki 1905 kwa hiyo haina mambo ya hakimiliki.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama. Binti yangu ndiye amepewa Antigone na usiku namsikia chumbani anarudia maneno ya kumzika kaka yake. Mwaka juzi tulimzika kaka yake kweli. Na huyo Antigone anajinyonga. Naogopa, nataka nimtoe ila nikimgusia tu anakasirika. Nifanye nini?

JIBU: Pole mama, pole sana. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Kwanza nikutoe hofu moja. Binti yako hatajinyonga jukwaani, wala hatakiwi hata kushika kamba. Kwenye tanzia za Wagiriki vifo karibu vyote vinatokea nje ya macho ya watu, anakuja mjumbe anasimulia. Antigone akishapelekwa pangoni harudi tena, tunasikia habari zake tu. Nimemwambia mwalimu afuate hivyo hivyo, pasiwe na kitanzi wala kivuli nyuma ya pazia, na mjumbe aseme tu wamemkuta ameshakufa, aseme kwa kifupi. Mwalimu amekubali.

La pili, mimi nadhani binti aliiomba hiyo nafasi kwa sababu ya kaka yake, sio kwamba hajui anachofanya. Mwangalie Antigone anafanya nini hasa. Anachota mchanga mkavu anamfunika ndugu yake, anamwagia mara tatu sadaka ya kinywaji kama desturi yao ilivyotaka, basi. Na sisi pia kaburini kila mtu anatupa udongo wake kwa mkono. Inawezekana siku ile ya mazishi yeye alikuwa mdogo, akaachwa nyumbani na watoto, hakuutupa wake. Muulize. Usimuulize kuhusu igizo, muulize kuhusu kaka, mkiwa mnapika au mnakunja nguo, maana uso kwa uso ni ngumu. Usimtoe bila kumsikiliza, maana ukimtoa hivi hivi utakuwa umemkataza kuzika, na yeye mistari ya mtu aliyekatazwa anaijua yote kwa kichwa.

Lakini mama, kama nje ya mazoezi anasema mwenyewe kwamba amechoka kuishi, au hali, halali, anajitenga, hapo hatuongelei igizo tena. Siku hiyo hiyo usimwache peke yake, ongea na mwalimu wa ushauri nasaha na umpeleke hospitali, mahafali yatasubiri. Mwalimu nimemwomba pia kila mazoezi yakiisha wakae chini kwenye duara, kila mmoja ataje jina lake halisi na kitu anachoenda kufanya jioni, ndipo waondoke. Nilikuwa nafanya hivyo na wanafunzi wangu miaka yote, inasaidia mtoto kumwacha mhusika pale pale ukumbini.

SWALI: Shikamoo. Mi ndo Creon. Darasa zima linanichukia hadi bwenini wananiita dikteta, na mi mwenyewe simpendi huyu mtu, naona nipaze sauti tu niwe mbaya mpaka mwisho. Pia nikiingia na maiti ya Haemon watu wanacheka maana rafiki yangu ni mzito namwangusha.

JIBU: Marahaba mwanangu. Wafungwa wa kisiasa wa Afrika Kusini waliigiza Antigone wakiwa gerezani Robben Island. Nelson Mandela alikuwemo, na unajua alicheza nani? Creon. Ameandika mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake, na anasema mwanzoni Creon ni mtu mkweli anayeipenda nchi yake. Mtu aliyefungwa na serikali isiyosikiliza mtu aliweza kumpa Creon haki yake, kwa hiyo na wewe unaweza.

Usianze na kelele. Mji wako umetoka vitani jana, maiti bado ziko getini, unaamini ukimzika msaliti sawa na shujaa watu watakuona huna msimamo. Hotuba ya kwanza iseme kama mkuu wa shule mzuri anavyoongea paredi, taratibu, mpaka hata anayekuchukia bwenini aseme mbona ana pointi. Ukali uanze kidogo pale mlinzi anapoleta habari, uongezeke kwa Antigone, kwa Haemon ufike juu. Tiresias anapoingia, ameshikwa mkono na yule mtoto wa kidato cha kwanza, mtazame mtoto sio kipofu, utaona sauti inavyoshuka yenyewe.

Maiti usiibebe peke yako. Walinzi wawili waibebe kwenye machela, shuka jeupe juu, wewe tembea pembeni mkono wako ukiwa kifuani kwake. Mwambie rafiki yako ageuzie uso upande wa nyuma ya jukwaa, maana wanaocheka wanacheka wakiona kope zinachezacheza. Halafu ukifika katikati usiseme kitu, hesabu mpaka tano moyoni, ndipo uanze. Siku ya mahafali nakuja, nitakaa viti vya mwisho kabisa karibu na mlango, nataka sauti yako inifikie huko bila maiki.