Je, Rwenzori Ni Volkano?

SWALI: Mwalimu, habari za siku. Naendesha boda hapa Kasese. Wageni wakishaona maziwa ya kreta ya Fort Portal, huniuliza Rwenzori ulilipuka lini. Mimi hujibu "zamani sana", safari inaendelea. Juzi mwenzangu wa stejini amenicheka, eti mlima huo si volkano. Nani mkweli? (Msomaji, Kasese)

JIBU: Mwenzako ndiye mkweli, mwanangu. Tangu nistaafu kufundisha jiografia nakaanga mandazi kila alfajiri, kwa hiyo utanisamehe mifano yangu ikinukia mafuta.

Chukua donge la chapati lililolala usiku kucha hadi likakauka ngozi. Livute pande mbili, polepole. Katikati linakonda, ngozi inapasuka, kipande kinadidimia. Ndivyo lilivyo bonde la ufa, na Ziwa Albert na Ziwa Edward yamekaa palipodidimia. Rwenzori ni pande la mwamba lililokuwa kati ya nyufa hizo, likasukumwa juu badala ya kuzama, hadi kilele cha Margherita kikafika mita 5,109. (Hapo donge langu linanisaliti, halijawahi kuinua kitu.) Mwamba wenyewe una zaidi ya miaka bilioni 1, ila kuinuka ni habari ya miaka milioni chache tu. Siku ukivuka Mubuku, tazama mawe ya mtoni: mengine yana mistari myeupe na myeusi iliyopindana, kama chapati ya kukunja ukiikata kwa kisu. Mwamba wa hivyo umekandwa na joto na mgandamizo huko chini kabisa. Si zaha, yaani mwamba ulioyeyuka ukamwagika juu ya ardhi.

Na nyufa hazijalala. Waulize wazee wa Tooro habari za tetemeko la tarehe 20 Machi 1966.

Maziwa ya kreta ni habari nyingine. Mwaka jana nilifunika sufuria ya mafuta ya moto kwa mfuniko ambao sikuufuta maji. Matone mawili tu! Maji yalizama chini ya mafuta, yakageuka mvuke papo hapo, na mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,000 ya ile ya maji. Mfuniko uliruka, mafuta yakafika ukutani, na kovu ninalo mkononi hadi leo. Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume: moto ndio uliofuata maji. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi, ilipanda, ikakuta maji yaliyo ardhini, mvuke ukafyatua shimo, majivu na vipande vya mwamba vikatua pembeni vikawa ukingo. Baadaye shimo likajaa maji. Ndiyo maana unaona shimo, huoni mlima. Katwe, wanakovuna chumvi, ni shimo la aina hiyohiyo.

Mgeni aking'ang'ania volkano yenye umbo la mlima, mpeleke Muhavura, kule Kisoro. Ila kwa boda kutoka Kasese, patana naye nauli kwanza.