Bibi Mifugo Anajibu: Mchango wa mbwa aliyevunjika paja

SWALI

Shikamoo Bibi Mifugo. Mimi ni fundi baiskeli, Ngamiani, hapa Tanga. Nina mbwa jike niliyemwokota soko la samaki la Deep Sea akiwa mdogo, amekonda, ana kidonda shingoni. Sasa ndiye mlinzi wa kibanda changu usiku. Jumapili aligongwa na bodaboda, paja la nyuma likavunjika. Kijana tuliyesaidiana kumnyanyua aling'atwa kiganjani, si sana. Daktari wa mifugo anasema upasuaji wa kuweka chuma ni laki nne na nusu, kukata mguu ni laki mbili na nusu. Mimi nina elfu sitini. Nataka kuchangisha kwenye kundi la WhatsApp la mafundi na la mtaa, lakini wengine wameshaanza kucheka. Mama yangu anasema mbwa ni najisi na fedha za watu zitaniletea maneno. Jirani ananiambia nimpe diklofenaki na kumfunga vijiti, au nimpe sumu yaishe. Nifanyeje? Sijawahi kuchangisha hata harusi.
Fundi, Ngamiani

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole wewe, na pole mnyama wako. Ujumbe wako ulipofika nilikupigia palepale, kwa sababu mambo haya hayasubiri gazeti lichapwe. Niliyokuambia kwenye simu nayaandika tena kwa ajili ya wengine, maana mbwa wa kugongwa tunao kila mtaa.

Fedha baadaye. Kwanza yule kijana. Uliniambia mbwa hajachanjwa, na kijana alikuwa bado hajaenda hospitali kwa kuwa kidonda ni kidogo. Udogo wa kidonda hausaidii kitu. Aliyeng'atwa aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo aeleze kwamba ni mbwa asiye na chanjo. Na kama siku imeshapita, aende hata hivyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna dawa ya kumrudisha. Chanjo ikiwahi, anapona kabla hajaugua. Huenda mbwa wako aling'ata kwa maumivu tu, maana mbwa aliyevunjika humng'ata hata amlishaye, lakini hilo ni la kuthibitisha. Mbwa huyo atazamwe siku 10 tangu alipong'ata. Akiwa bado mzima, anakula na kunywa, basi siku ile mate yake hayakuwa na virusi. Mwambie na daktari wako kwamba ameng'ata, ajilinde anapomshika.

Kwa hiyo huyo jirani wa sumu mjibu hivi: mbwa akiuawa na kufukiwa, hospitali wanabaki hawajui kama kijana yuko hatarini au la. Na kumtesa mnyama ni kosa, tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008.

Diklofenaki usimpe. Wala ibuprofeni, wala panadoli. Dawa hizo tunazonunua dukani zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumwua figo au ini, kisha mchango wote unaishia kwenye sumu uliyompa mwenyewe. Daktari anazo dawa za maumivu za mbwa. Vijiti navyo havifai pajani. Mfupa uliovunjika hutulia pale tu kiungo cha juu na cha chini vikifungwa, na juu ya paja kuna nyonga, huwezi kuifunga. Hata hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, halishiki hapo. Ukifunga chini yake unaongeza uzito tu, mfupa unazidi kuyumba. Mlaze kwenye boksi pana lenye gunia, asizunguke, abebwe akitoka kujisaidia.

Mama yako usibishane naye. Sisi watu wa pwani wengi ni Mashafii, na mate ya mbwa tumefundishwa kuyaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo ni haki yake, na nyumba ni yake. Mbwa alale kibandani, ashikwe na wewe peke yako, uwe na nguo za kazi hiyo na uzioshe kabla hujaingia ndani. Lakini mkumbushe kwa adabu hadithi aliyoisikia tangu madrasa, ya yule aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa. Mbwa wa ulinzi naye hakukatazwa kufugwa. Mimi si shehe, la kina kamuulize imamu wako. Jambo moja tu nakusisitiza: usiombe zaka. Zaka ina wenyewe wanane waliotajwa na mbwa hayumo. Omba sadaka, na useme ni sadaka.

Sasa fedha. Mchango wa mbwa hufa kwa sababu ileile inayoua michango mingine: fedha kuingia kwenye simu ya mtu na kuchanganyika na ya unga. Nimeliona hilo Pongwe. Mwenye mbwa alikuwa mwaminifu kabisa, lakini watu walipouliza imefika ngapi hakuwa na karatasi ya kuonyesha, na waliobaki wakaacha kutoa. Mbwa akakaa na mguu wake unaning'inia.

Usitume ombi lolote kabla hujapata makadirio yaliyoandikwa, yenye muhuri wa kliniki. Muulize daktari kila kipengele: picha ya eksirei imo? Nusu kaputi? Chuma chenyewe, dawa za baada ya upasuaji, kutoa nyuzi, marudio? Chuma kikija kutolewa baadaye, ni bei nyingine? Nimeona watu wakichangisha ya upasuaji wakasahau antibayotiki. Ukishaipata karatasi hiyo, ipige picha uiweke kundini pamoja na picha ya uso wa mbwa. Picha ya damu usiweke; watu huipita haraka wasiione tena.

Kisha omba namba ya malipo ya kliniki, ile Lipa Namba, watu walipe hukohuko. Faida yake ni mbili: hakuna wa kukushuku, na huhitaji kumwambia mtu "tuma na ya kutolea". Kliniki ikiwa haina, mtafute mweka hazina asiye ndugu yako. Ningemchagua mama muuza chai wa hapo mtaani kwenu, maana ndiye anayeaminiwa na mafundi wote na hukaa na deni la kila mmoja kichwani.

Ile orodha ya kunakili kundini, jina na kiasi, iweke majina tu. Mwenye elfu mbili akiona juu yake pameandikwa elfu ishirini, hanyooshi mkono. Na wewe unawahitaji wa elfu mbili kuliko wa elfu ishirini: ukitoa sitini yako, kwenye kukata mguu inabaki laki moja na elfu tisini, yaani watu 95 wa elfu mbili. Mafundi, wateja wa baiskeli, wavuvi wa Deep Sea waliomjua akila vichwa vya samaki, hao wanafika. Ahadi usizihesabu. Wanaocheka waache, wala usiwajibu kundini, na asiyetaka kutoa asisukumwe. Sema mapema pia salio litakwenda wapi. Mimi ningesema chanjo ya mbwa wengine wa sokoni.

Na weka siku ya mwisho. Nilikuambia Ijumaa, ukashangaa. Paja likikaa wiki mbili tatu bila kutibiwa, misuli hujikunja na mfupa huanza kuunga upande, na upasuaji wa kuweka chuma unakuwa mgumu na ghali zaidi. Ukichangisha mwezi mzima ili ufikie laki nne na nusu, huenda mguu wa kuokoa usiwepo tena. Najua unaona kukata mguu ni ukatili. Mimi nimewaona mbwa wa miguu mitatu wakimfukuza mwizi, wakizaa, wakiruka ukuta. Mbwa hakai akiwaza mguu alioupoteza. Maumivu yakiisha, anasimama.

Ijumaa jioni muulize daktari zimefika ngapi. Zikitosha chuma, sawa. Zikitosha kukata tu, mwambie akate, na uombe afanyiwe asubuhi ya Jumamosi. Mkebe wa rangi uliokatwa kitako umvalishe shingoni asilambe nyuzi.